Suti ya Bonge

Mimi simpimi mtu ninayemjua. Ndicho kiburi changu, na mke wangu amenisema mpaka amechoka. Kwa hiyo Bonge alipopiga simu, baada ya kimya cha miaka kumi na mbili, akasema binti yake anaolewa Jumamosi na anataka suti, sikumuuliza vipimo. Tumekua pamoja, tumekula sahani moja. Tumbo lile nalijua. Nilikata kitambaa siku hiyo hiyo.

Alhamisi asubuhi Mwalimu, rafiki yetu wa tatu tangu utoto, alikuja dukani kumsubiri. Akaitazama suti ikining'inia.

"Hii suti au turubai?"

"Funga mdomo. Hujui kushona hata kifungo."

Saa nne akaingia mzee mmoja mwembamba, akashika mlango.

"Karibu mzee," nikasema, bila kuacha cherehani. "Ila leo sipokei kazi, namsubiri mtu."

"Kiti hicho mlikitengeneza? Maana nilipokikalia kikavunjika, ulininunia wiki nzima."

Sauti ilikuwa ya Bonge. Mwalimu aliruka kumkumbatia. Mimi nilipandwa na hasira, nasema kweli.

"We Bonge! Umekwisha hivi na hukusema?"

"Ningesema nini? Naumwa mwaka wa pili sasa. Nilitaka angalau mtu mmoja aendelee kuniona bonge." Akaketi taratibu. "Jumamosi namsindikiza mwanangu. Sitaki watu wanionee huruma mbele yake. Basi. Lete suti."

Akaivaa. Kabla hajaishika, suruali ikaanguka puu, mpaka kwenye viatu.

"Humo ndani bado kuna nafasi ya mama mkwe," Mwalimu akasema.

Lo! Tulicheka mpaka Bonge akashikilia meza. Tulicheka mpaka machozi, na wao walipoyafuta, yangu yakaendelea kutoka.

Nikachukua futi. "Simama wima."

Nikampima kifua, mabega, kiuno. Kiuno nilikipima mara mbili, nikidhani nimekosea. Halafu tukaanza kazi: Mwalimu anafumua nyuzi vibaya, mimi namgombeza, Bonge kakaa kwenye kiti kile kile anatukosoa wote wawili, na wala hajui kushika sindano.

Alasiri akasimama mbele ya kioo. Suti ilimkaa, mabega yakanyooka, akawa baba wa bibi harusi. Akajitazama kwa muda mrefu. Kisha akapapasa mshono kwa ndani.

"Fundi, mbona huku umekunja kitambaa kingi hivi? Si ungekikata tu?"

"Sikati ng'o. Ukinenepa utaniletea niifungue."

Mwalimu akageukia dirishani. Bonge alifunga vifungo kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Haya," akasema. "Lakini siku hiyo unipime kwanza."