Salamu za Kichwa kwa Bwana Arusi

Serikali, iliyopiga marufuku majina ya Kizungu, ilikuwa imempa Lambert jina jingine, la kizalendo, lakini bibi yake, Koko Adèle wa mtaa wa Mangobo, alisema mdomo wake haukuarifiwa. Alimwita Lambert, au "bwana yangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume.

Leo bwana huyo alikuwa anamwoa Colette, na mafua yalikuwa yameuvamia mji mzima.

Kwa wengine mafua ni kamasi tu. Lambert, mvua zilizopita, yalimgeuza macho njano kama ndizi mbivu, mkojo mweusi kama kahawa. Daktari alieleza: amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja, kile kinacholinda chembe za damu. Virusi ambavyo kwa jirani hupita kama wageni, kwake hukaa na kuzaana, na damu inavunjika.

"Ni urithi," daktari alisema. "Unatoka upande wa mama."

Watu wote wakamgeukia Koko Adèle, mama wa mama.

"Damu nilimupa," akajibu. "Kamasi sikumupa."

Basi ugumu ulikuwa huu: kwa salamu ya desturi, bwana arusi sharti agonganishe paji la uso na wakwe wote, kulia, kushoto, kulia. Papa Anselme, baba wa Colette, alikwisha kuapa: "Mukwe mwenye anakimbia kichwa yangu, binti yangu haende kwake." Na ukoo wake ulishuka kwenye lori lililotoka Bafwasende ukikohoa kuliko injini ya lori lenyewe.

Lambert alisimama ndani ya abakosi mpya, lile koti la kizalendo lisilovaliwa tai, jasho likimtiririka. Colette akainamisha macho. Shangazi yake Florentine, pua ikivuja, akawa wa kwanza kunyoosha shingo.

"Eh! Wee mwanamuke!" Koko Adèle akajipenyeza katikati. "Unagusa bwana yangu, na mimi naangalia?"

Ngoma ikanyamaza.

"Koko, ni salamu tu," alisema Florentine.

"Salamu ya bwana inapitia kwa bibi mukubwa. Mimi wa kwanza, Colette wa pili. Leta kichwa!"

Po, po, po! Kilemba cha Florentine kikaanguka.

Papa Anselme akakunja uso. "Alors, na mimi?"

"Wewe zaidi, papa. Nimesogea kwenye kitanda, kusudi binti yako apate nafasi. Hata merci hausemi?"

Papa Anselme akajaribu kukasirika, kicheko kikamshinda, kikageuka kikohozi. Akainamisha kichwa mbele ya kikongwe. "Bon. Mukwe ametusalimia."

Vigelegele! Ukoo mzima ukajipanga kwa Koko, huku Lambert na Colette wakicheza rumba peke yao upande wa pili wa uwanja.

Siku zilizofuata Koko Adèle alilala na homa, kamasi chapachapa, akiwa na furaha kama aliyeolewa yeye. Lambert akachungulia dirishani, macho meupe kama muhogo uliomenywa.

"Usiingie!" Koko akafoka. "Rudi kwa muke mwenzangu. Na umuambie supu ya samaki akuje nayo yeye mwenyewe. Nani alimufanyia kazi yote ile?"