Ukanda wa Nyasi Kando ya Kijito

Kitunguu kilipopanda bei, Bwana Vitunguu alikosa usingizi. Shamba lake lilikuwa limelimwa kona zote, isipokuwa ukanda wa nyasi uliofuata kijito, na kila alipoutazama aliona hela zimekaa bure. Aliuacha kwa ombi la dada yake mkubwa, aliyefuga samaki bwawani kule chini. Nyasi zile zilizuia udongo na mbolea visiingie majini. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, na bwawa lile ndilo lililomlisha dada na wanawe.

"Msimu huu tu, dada," alimwambia. "Bei kama hii hairudi."

"Si ulinipa neno lako?"

"Nilikupa. Lakini neno haliliwi."

Dada alinyamaza, naye akauita ukimya ule ruhusa. Binadamu tuna akili nyingi sana tukiamua kujidanganya.

Akalima hadi ukingoni. Mawingu yalipotanda, alimwaga mbolea harakaharaka ili mvua iiyeyushe, naye aokoe mafuta ya pampu ya kumwagilia. Mvua ikaja kwa fujo, ikazoa mbolea na udongo wake. Yeye akarudishia mbolea nyingine. Bwawa likageuka kijani kizito, kisha asubuhi moja samaki wakapanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Kufikia adhuhuri walikuwa wakielea matumbo juu, bwawa zima. Harufu ilifika mpaka jikoni kwa Bwana Vitunguu. Mkewe alifunga madirisha.

Alijiandaa kwa ugomvi. Alipanga visingizio, akapanga hata machozi. Dada hakutokea.

Alitokea siku ya mavuno, amejifunga kitambaa kichwani, akasimama kwenye foleni ya vibarua. Bwana Vitunguu aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Dada, kaa kivulini. Nitakuletea gunia zima nyumbani."

"Sikuja kuomba," akasema, wala hakupandisha sauti. "Nimekuja kibarua. Unanipanga wapi, bosi?"

Neno hilo lilimkata maini. Alitaka kumwambia arudi nyumbani, lakini arudi akale nini? Vibarua walikuwa wakimsubiri, lori lilikuwa njiani, na sehemu iliyokuwa haina mtu ni ile ya kando ya kijito. Akanyoosha mkono kumwonyesha.

Dada akaenda, akainama, akaanza kung'oa vitunguu.