Bendera Aliyoishona Honoré

Tangu tumzike mume wangu Honoré, mwezi ninaoukumbuka zaidi ni ule wa bendera.

Alikuwa mshonaji pale Nyabiondo, kwenye baraza ya duka la Papa Camille, mfanyabiashara wa Butembo. Baba yake, Sebarenzi, aliletwa na Wabelgiji kutoka Rwanda kuja kulima Masisi. Honoré mwenyewe alizaliwa Bihambwe, na kitovu chake kilizikwa huko, chini ya mgomba. Kabla ya uhuru hakuna aliyejali. Mwaka 1963 watu wakaanza kumwuliza kwao ni wapi, kwanza kwa mzaha, kisha wakaacha kumletea nguo. Siku nzima mashini yake ilikaa kimya.

Ndipo barua ya serikali ikamfikia chifu: nchi ina bendera mpya. Zile nyota sita ndogo tulizozizoea zimeondolewa. Sasa ni kitambaa cha buluu, nyota moja juu karibu na mlingoti, na utepe mwekundu wenye kingo za njano, unaokata kwa mshazari. Picha haikuwapo. Mshonaji alikuwa mmoja tu, kwa hiyo karani wa chifu, Edmond, akampa kazi shingo upande.

"Ukiharibu, kila muntu atajua sababu," alimwambia.

Barua haikusema utepe uanzie juu ao chini. Nilimwuliza Honoré atafanyaje.

"Muntu wa milima anaanzia wapi? Bondeni, kisha anapanda." Akauanzisha utepe chini, penye mlingoti, akaupandisha.

Siku ya kuipandisha watu walijaa pande zote mbili za mlingoti. Mama Léontine, mkunga, alikuwa akicheka: "Ya Wabelgiji, ya uhuru, na hii njo ya tatu! Inchi inabadilisha nguo sawa bibi arusi."

Upepo ukaikunjua. Edmond, aliyesimama upande wa pili, ambako bendera huonekana kinyume, akapaza sauti: "Honoré! Utepe unashuka! Inchi yetu unaipeleka bondeni? Nilisema, mugeni hawezi kushona bendera yetu."

Honoré akaunyoshea utepe kidole.

"Papa Edmond," alisema polepole, "kuja usimame huku kwangu. Utaona iko inapanda."

Edmond hakusogea. Mama Léontine ndiye aliyezunguka mlingoti kwanza. Akatazama, akarudi alikotoka, akazunguka tena.

"Kweli iko inapanda! Edmond, kuja basi, ao miguu inakuuma?"

Watu wakavuka wakicheka, mmoja mmoja, mpaka karani akabaki peke yake na barua yake mkononi. Mwishowe akaamuru wimbo uanze. Hakusema kama bendera ni sawa ao si sawa. Honoré aliimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Kesho yake Mama Léontine akaja barazani na suruali ya mumewe, iliyopasuka magotini, akaitupa juu ya mashini.

"Mushonaji wetu, hii ninaitaka mbele ya misa ya Jumapili."

Honoré aliingia kwanza nyuma ya duka, akakaa huko kitambo. Kisha akatoka, akatia uzi kwenye sindano.