Tafsiri ya Obeid

Kila Alhamisi baada ya alasiri, mwaka ule wa sitini na saba, mtaa mzima wa Langoni, kisiwani Amu, ulijazana kwenye ghala la zamani la boriti kutazama watu wanaosafiri kati ya nyota. Fanuel, afisa habari aliyeletwa kutoka bara, aliziba madirisha kwa majamvi, akatundika kitambaa cheupe katikati, akawasha jenereta. Wanaume walikaa upande wa mashine, wanawake upande wa nyuma. Picha ilipenya kitambaa, ila kwa wanawake ilitokea kinyume, basi nusu ya mtaa ikaapa kwamba nahodha wa chombo kile hula kwa mkono wa kushoto, na nusu nyingine ikaapa kwamba hula kwa wa kulia. Watu na wake zao walinuniana wiki nzima kwa jambo hilo. Mzee mmoja aliuliza huko juu kibla kiko wapi. Bi Umi alitaka kujua kama mama zao wale wasichana wana habari kwamba watoto wao wanatembea mapaja nje.

Filamu zilikuwa za Kiingereza, na katika watu wote wa Amu, Fanuel alimchagua Obeid kuwa mtafsiri. Obeid alikijua Kizungu kiasi cha ukarani wa bandarini. Palipomshinda alijaza yake, na yake ndiyo yaliyowavutia watu. Kwenye wiki ya kwanza alitokea mwanamke mwenye uso wa fedha, mkimbizi wa nyota nyingine. Alipofungua kinywa, Obeid akapaaza sauti kwa Kiamu, kama mtu anayeomba aachiwe:

"Niatani niende zangu! Nimeata mofa yangu ikiwaka!"

Ghala lilivunjika mbavu. Muuza mikate iokwayo kwenye mofa, tanuri la udongo, Langoni alikuwa mmoja tu, Mwanatumu, aliyekuwa mke wa Obeid. Mwanatumu naye alicheka. Mzaha wa mtalaka, utaufanyaje? Wiki ya pili Obeid alimkoromesha yule wa fedha usingizini, na Mwanatumu akacheka tena, kidogo.

Wiki ya tatu Mwanatumu hakuja peke yake. Pembeni yake aliketi Radhiya, dada yake Wazir wa Shela. Wazir alifiwa na mke kabla hajapata mtoto, na alipoleta posa kwa Mwanatumu hakuficha kwamba mtoto ndiye anayemtaka. Kesho yake, Ijumaa, watu wake wangekuja kutia siku ya nikaha. Mwanatumu alikuwa amewaambia kwamba aliolewa akaachwa mapema. Miaka minane ya ndoa si mapema, alilijua hilo, lakini alikuwa na miaka thelathini na mbili na amechoka kulala peke yake.

Sasa mwanamke wa fedha alisimama mbele ya nahodha akasema kwa muda mrefu, machozi yakimtoka. Kwa Kiingereza alikuwa akililia jua la kwao lililozimika. Obeid hakumchukia Mwanatumu, hata kidogo. Alipenda kuchekewa tu, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko adui.

"Mume wangu aliniata," akalia kwa sauti nyembamba. "Miaka minane ndani ya nyumba yake, simpi hata mwana mmoja! Mofa yangu yawaka, tumbo langu limezima!"

Wanaume walipigana makofi ya mgongo. Upande wa nyuma Radhiya aligeuka taratibu akamtazama mwenyeji wake. Filamu ilipokatika ili kubadilishwa mkanda, Mwanatumu alifanya jambo ambalo mwanamke wa nyumba yao hajapata kulifanya: akapaaza sauti mbele ya wanaume.

"Bwana Fanuel! Wewe Kizungu wakijua. Hayo ya kuatwa na kutozaa, yamo au hayamo?"

Fanuel alikitazama kitambaa. Alijua hayamo. Alijua pia kwamba kabla ya Obeid watazamaji walikuwa kumi na wanane, na leo wamefika mia mbili, na wakubwa wake walitaka kujua kama watu wanazielewa filamu hizi.

"Yamo, mama," akasema. "Bwana Obeid ametafsiri vizuri kabisa."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka msikitini. Radhiya akavuta buibui lake, akasema kwa upole, kama mtu anayeagana na mgonjwa:

"Kesho musitungoje."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Mlango wa wanawake ulikuwa huo mmoja tu, na Mwanatumu angemfuata angeonekana anamkimbilia kumbembeleza. Akabaki ameketi.

Upande wa pili wanaume walipiga kelele warudishiwe kipande kile. Fanuel aliandika kwenye daftari lake kwamba wanawake nao wameanza kuuliza maswali, kisha akaurudisha mkanda. Uso wa fedha ukajaa kitambaa tena, Obeid akakohoa, akaanza upya, safari hii kwa madoido zaidi. Lakini nyuma ya kitambaa hakuna aliyeitazama picha. Wanawake wote walikuwa wamemgeukia Mwanatumu.