Alipolazwa Mama

Kaka yangu Boniface alipiga magoti mbele ya wajumbe wa chama pale ukumbini Kilosa, suruali ya suti ikagusa vumbi. Profesa mzima! Wajumbe wakashangilia. Mimi nikasonya.

"Mimi ni mtoto wenu wa Munisagara," alisema. "Chuo kiliniazima tu. Leo nimerudi, naomba mnitume bungeni."

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amenipigia simu kutoka Mikumi, alikolala hotelini. Hakunijulia hali. "Wakiuliza habari za msiba wa mama, sema nilikuja." Nikamkatia simu. Yeye akadhani nimekubali, maana mtu huyo hajawahi kusubiri jibu la mtu yeyote.

Hata mama alipofariki hakusikiliza. Ulikuwa mwaka ule wa mvua, mto ukavunja kingo, makaburi ya Munisagara yakajaa maji. Ukichimba kaburi unapata kisima. Nilimpigia nikilia, nikamweleza kwamba tunampandisha mama mlimani, tukamzike kwa wajomba. "Sawa, sawa, niko kwenye kikao. Fanyeni mnavyoona." Wanaume wakabeba jeneza kwenye utelezi, wakianguka na kuinuka, mpaka alasiri. Boniface hakuja siku ile, hakuja arobaini, hakuja kabisa. Hasira hiyo sijaitua mpaka leo.

"Nina swali," alisema Perpetua, mjumbe mmoja asiyecheka ovyo na mtu. "Profesa, marehemu Elizabeti, mama yako, tulipomzika wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, mama yangu." Wala hakumeza mate. "Nilimfukia kwa mikono yangu hii, pale makaburini Munisagara, ubavuni mwa baba. Muulizeni mdogo wangu huyu."

Safu ya pili alikaa Melkizedek, aliyeshika jeneza kwa mbele siku ile na bega linamsumbua tangu hapo. Akageuka kunitazama. Wote wakageuka. Boniface alikuwa anatabasamu, ananitikisia kichwa kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzito amalizie jibu. Jamani, nilimchukia.

Nikasimama. "Mama yuko mlimani. Waliombeba wamekaa humu."

Hakuna aliyemzomea. Afadhali wangemzomea. Mwenyekiti alimshukuru, akamwita mgombea mwingine, na kura zilipohesabiwa kaka yangu alikuwa wa mwisho.

Nje alinikamata mkono, akaubana hasa. "Umenimaliza, Magreth. Mama amehamishwa, na mimi hukuniambia?"

"Hakuhamishwa. Na nilikwambia."

Nadhani hapo ndipo simu ile ya msiba ilipomrudia. Akaniachia mkono, akaitazama milima, mmoja baada ya mwingine, hajui aanzie upi.

"Basi nipeleke," akasema.

"Rudi humo ndani ukaombe," nikamwambia. "Yeyote utakayemkuta anaijua njia."