Karatasi Iliyobaki Juu ya Kioo

Mama wa fotokopi alikuwa na kanuni moja aliyoachiwa na marehemu mumewe pamoja na duka: karatasi ya mteja hulazwa kifudifudi, wala haisomwi. Ndiyo maana, mtu mwenye shati la mistari alipoingia mchana ule akaagiza nakala ishirini, kisha akasimama begani pake kama msimamizi wa mtihani, yeye hakuona zaidi ya mgongo mweupe wa karatasi. Mashine ilinguruma, nakala zikatoka. Simu ya yule mtu ikaita. Akaitikia, "Ndiyo, afande," akakumbatia nakala zake na kutoka mbio.

Mama alipoinua kifuniko ili aendelee na kazi nyingine, karatasi yenyewe ilikuwa bado juu ya kioo. Wateja husahau hivyo kila siku. Wako waliosahau hata vyeti vya ndoa, naye aliwatania kwamba walifanya makusudi. Aliigeuza apate kujua ni ya nani. Juu palikuwa pameandikwa: *Waliozungumza na Tume*. Chini yake, majina kumi na moja.

Hapakuwa na mtu mjini asiyejua tume ile ilikuja kuchunguza nini: mauaji ya sokoni. Mashahidi waliahidiwa kwamba majina yao hayatatoka nje ya chumba cha mahojiano. Sasa yalikuwa hapa, kila jina na mtaa wake, saa ya kutoka kazini na njia ya kurudi nyumbani. Jina la nne lilikuwa la wifi yake, mkunga wa hospitali. *Hutoka saa nane. Hupita nyuma ya ghala. Achukuliwe leo.*

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo.

Akampigia wifi simu.

"Eh, wifi! Leo umenikumbuka? Au chumvi imekwisha huko?"

"Usitoke hospitali. Wana orodha, na jina lako limo."

Wifi aliangua kicheko. "Wewe na uongo wako! Wiki iliyopita ulinipigia ukasema mganga mkuu ananisaka, nikajificha stoo nusu saa nzima."

"Wifi, sitanii."

"Lini wewe hutanii? Nimeshavaa viatu, natoka. Nipikie chai, napita hapo."

Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wametaniana, harusini na hata msibani, na sasa mama hakuwa na sauti nyingine ya kumwitia. Dirishani alimwona mwenye shati la mistari akisubiri magari yapite ili avuke barabara. Alikuwa anarudi. Mama akaileta karatasi karibu na macho, akasoma kwa sauti ya chini, neno baada ya neno:

"'Mwavuli mweusi, mpini umefungwa plasta. Huchechemea kidogo mguu wa kushoto. Husimama nyuma ya ghala kununua karanga.'"

Kicheko kilikatika. "Nani kaandika hayo?"

"Wanaokufuata. Pita mlango wa jikoni. Simu yako izime, na wenzako wote kumi mliokwenda nao kwenye tume, wapigie kwa simu ya wodini."

"Na wewe je, wifi?"

Mama alikata simu. Akairudisha karatasi kiooni, akashusha kifuniko.

"Nimeacha karatasi yangu, mama," alisema yule mtu mlangoni.

"Ipo, mwanangu. Kwa haraka yenu hii, siku moja mtasahau na vichwa." Sauti yake ilitoka sawasawa.

Yule mtu aliinua kifuniko mwenyewe. Karatasi ilikuwa imelala chali, majina yote kumi na moja yakitazama juu.

"Uliilaza kifudifudi. Nilikuwa nimesimama hapa hapa."

"Ilinata kwenye kioo. Niliibandua isichanike."

 Macho ya yule mtu yalipanda ukutani, kwenye leseni ya biashara ambayo bado ilikuwa na jina la marehemu, kisha yakashuka kwenye karatasi. Kidole chake kikakoma kwenye mstari wa nne.

"Ukoo ni mmoja. Huyu ni nani wako?"

Kukana kusingefaa; mtaa mzima ulijua. "Ni wifi yangu."

"Mpigie. Muulize yuko wapi. Weka sauti ya juu."

Alipiga. Sauti tulivu ya mwanamke wa mtandao ikajaza duka: namba hiyo haipatikani kwa sasa. Furaha ilimpanda mama kooni kama kwikwi, akaimeza kabla haijafika usoni.

"Lete simu."

Ndani ya simu ile ilikuwamo kumbukumbu ya mazungumzo ya dakika chache zilizopita. Kutoka wodi ya wazazi hadi mlango wa jikoni ni mwendo mrefu kwa mtu anayechechemea, na kabla ya mwendo huo kulikuwa na watu kumi wa kupigiwa. Mama alibonyeza kitufe cha pembeni, kioo kikazimika, ndipo akamkabidhi.

"Inataka namba ya siri," alisema yule mtu.

"Namba hizi hunipotea, mwanangu. Umri."

"Si umeifungua sasa hivi?"

"Sasa hivi sikuwa nimeogopa hivi."

 Yule mtu akavuta kiti cha wateja, akakiweka katikati ya mlango, akaketi, akamnyooshea simu.

"Basi ikumbuke."

Naye akaanza kuikumbuka, taratibu kadiri alivyoweza.