Saa Sita Isiyo na Mchana wala Usiku

Tangazo lilifika redioni asubuhi, ndani ya bahasha yenye mihuri miwili, wa Mheshimiwa Rais na wa Kamanda wa waasi, iliyobanana kama ndugu waliolazimishwa kupiga picha pamoja. Msomaji wa habari, ambaye wasikilizaji walimwita Bi Sauti, alilisoma kimyakimya mara mbili, kisha akamtazama Katibu wa mazungumzo aliyelileta.

"Hapa pameandikwa pande zote zitasitisha mapigano leo, saa sita."

"Naam, dada. Hongera kwetu sote."

"Saa sita ya mchana au ya usiku?"

Katibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Hapo ndipo palipotutoa jasho. Kamanda anataka mchana, Mheshimiwa anataka usiku. Tumevutana wiki nzima. Hatimaye tukafikia mwafaka."

"Mwafaka gani?"

"Tusitaje."

Mkurugenzi wa redio, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia shairi. "Yatasita saa sita," alisema. "Hata masikioni linakaa vizuri."

Bi Sauti hakuona kilichokaa vizuri. Alikuwa amesoma matangazo yote ya aina hiyo tangu vita vilipoanza, na kila mara waliomwamini walitoka mafichoni, wakaenda darajani na mizigo yao, wakapigwa mizinga wakiwa katikati. Baadaye Mheshimiwa alimlaumu Kamanda, Kamanda akamlaumu Mheshimiwa, wakakutana tena katika hoteli ileile kuzungumza. Risasi za pande zote mbili ziliagizwa na mfanyabiashara mmoja, aliyemwoza binti yake mkubwa kwa mtoto wa Mheshimiwa na binti mdogo kwa mpwa wa Kamanda. Vita vilikuwa vimewafanya mahasimu wale wawili kuwa ukoo, na ukoo hauvunjwi kwa papara.

Yeye pia alikuwa na ukoo wake. Mama yake aliishi ng'ambo ya mto, upande wa Kamanda. Simu za huko zilikatwa zamani, lakini mawimbi ya redio hayakuhitaji kibali kuvuka. Mara zote zilizopita mama alikuwa hoi kitandani, miguu imevimba. Kuugua huko ndiko kulikomwokoa. Sasa miguu ilikuwa imepona. Juzi alimtuma dereva wa gari la wagonjwa na ujumbe: "Mwambieni mwanangu, siku nikimsikia yeye mwenyewe akisema wameacha, navaa viatu navuka. Wale wengine siwaamini hata wakisoma bei ya chumvi."

"Bosi," Bi Sauti alimgeukia Mkurugenzi, "tuseme usiku. Watu wakae ndani hadi kesho, basi."

"Kamanda atasema tumeegemea upande."

"Basi tuseme mchana."

"Mheshimiwa ndiye mwenye redio, mama. Unataka nikalale wapi?"

"Na mizinga ikilia mchana, watu wakiwa darajani?"

"Huo utakuwa ukiukaji," Katibu aliingilia kwa upole. "Ukiukaji una kamati yake. Wajumbe wameshateuliwa, wameshapewa na magari."

"Kamati imeundwa kabla ya ukiukaji?"

"Dada yangu, hatutaki kushtukizwa."

Bi Sauti alifikiri kukataa. Akisoma mwingine, mama yake angebaki nyumbani na kiburi chake. Lakini majirani wa mama hawakuwa wachaguzi wa sauti kiasi hicho, wao wangetoka. Alikunja uso, akaichukua karatasi, akaingia studio.

Mkurugenzi alimfuata hadi kwenye kioo. "Kama ilivyo," alisema. "Ukiongeza neno moja, umevunja mkataba."

Taa nyekundu iliwaka. Bi Sauti alisoma kama ilivyo, majina na vyeo vyote, bila kuruka hata nukta. Kisha, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, akaendelea: "Wasikilizaji, saa sita hiyo haikuelezwa kuwa ni ya mchana au ya usiku. Waliopaswa kueleza wanajua, na hawataki. Kaeni ndani. Mama, vua viatu."

Saa sita ya mchana ilipofika, bunduki za Kamanda zilinyamaza. Mizinga ya Mheshimiwa, ambayo kwa hesabu zake ilikuwa bado na nusu siku ya kazi, iliendelea. Simu ya mezani ililia. Alikuwa mwandishi wao aliyejibanza upande wa huku wa daraja.

"Limetobolewa katikati," alisema akihema. "Shimo la kuingia lori."

"Watu?"

"Hakuna mtu hata wa dawa. Ng'ambo kule madirisha yote yamefungwa. Wamekusikia, bibi wee!"

Bi Sauti alikaa chini, akagundua kuwa alikuwa amesimama tangu asubuhi.

Tamko la pamoja lilifika kabla chai ya pili ya Mkurugenzi haijapoa. Viongozi wawili waliokuwa hawajakubaliana juu ya jua na mwezi walikuwa wamekubaliana, aya kwa aya, kwamba msomaji wa redio amehujumu amani na kwamba askari watamchukua leo, saa tisa alasiri. Neno alasiri lilipigwa mstari.

"Mazungumzo hayajawahi kwenda haraka hivi," Katibu alisema, na ilionekana kweli amefarijika.

Mkurugenzi alikohoa. "Wanataka lisomwe sasa hivi. Na wanataka ulisome wewe."

"Nijisomee kukamatwa kwangu?"

"Akisoma mwingine, wananchi watasema ni uzushi. Tusaidie, mama. Usinitie matatani."

Bi Sauti aliitazama karatasi. Alimfahamu mama yake: akisikia kwa sauti ya mwanawe kwamba mwanawe amekamatwa, asingengoja saa ya mtu yeyote. Angekuja kumchukua, mizinga au pasi na mizinga, shimo au pasi na shimo.

"Asome mwingine," alisema. "Mama hatamwamini."

Alichukua mkoba wake, akaenda kuwangoja askari mapokezini, ambako kati ya viti vitatu kimoja tu kilikuwa na miguu yote.